Kufunga kiungo cha kugawa uzito: anza na magurudumu ya mbele

Watu wengi wakishafunga trela zito hurudi nyuma hatua chache, wakatazama jinsi kitako cha gari kilivyoshuka, wakaanza kuwaza springi ngumu zaidi. Mimi huenda mbele. Huchukua futi nikapima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi, juu kabisa ya gurudumu la mbele, kwa sababu hatari iko huko. Kitako kikishuka, pua inapanda. Pua ikipanda, magurudumu yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki yamenyang'anywa uzito. Usukani unakuwa mwepesi, gari linachelewa kuitikia, na taa usiku zinawamulika machoni wanaokuja mbele yako.

Kiungo cha kugawa uzito kiliundwa kwa ajili ya tatizo hilo. Ni kichwa cha chuma chenye tufe la kubebea trela, na chini yake zinachomekwa nondo mbili za springi zinazorudi nyuma sambamba na shingo ya trela. Ncha za nondo hizo huvutwa juu kwa cheni zinazoshikwa na braketi zenye ndoano, au huwekwa juu ya braketi ngumu, zote zikiwa zimefungwa kwenye fremu ya trela. Ukishika mikono ya toroli lenye mzigo na kuiinua, uzito husogea kwenda kwenye gurudumu lake la mbele. Nondo zikivutwa juu hulifanyia gari vivyo hivyo: zinapindua kichwa cha kiungo, zinainua kitako, na kurudisha uzito kwenye ekseli ya mbele. Sehemu nyingine inarudi kwenye ekseli za trela lenyewe.

Nitatumia namba za gari ninalolivutia, pikapu ya kabati mbili na trela la ekseli mbili, ili uone ukubwa wa jambo hili. Likiwa peke yake, na mizigo na abiria wa safari ndani, ekseli ya mbele hubeba kilo 1,420 na ya nyuma 1,180. Trela likiwa limejaa lina kilo 2,400, na kati ya hizo kilo 290 hukaa juu ya tufe. Nikilitundika bila nondo, mbele inashuka hadi kilo 1,300 na nyuma inapanda hadi 1,590. Tazama vizuri: nilitundika kilo 290, lakini ekseli ya nyuma imeongezewa 410. Hizo 120 za ziada zimetoka mbele, kwa sababu tufe liko nyuma ya ekseli na gari zima limekuwa mtaimbo. Nikifunga nondo sawasawa, mbele inarudi kilo 1,370, nyuma inashuka hadi 1,480, na ekseli za trela zinapokea kilo 40 hivi. Jumla ni ile ile, kilo 5,000. Hakuna kilo iliyopotea.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Kiungo hiki hakiongezi uwezo wa gari lako. Kama trela limezidi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, limezidi, hata kama baada ya kukaza nondo gari linaonekana limenyooka vizuri.

Kabla ya kununua chochote

Fungua kitabu cha gari kwanza. Baadhi ya watengenezaji wanakitaka kiungo hiki kuanzia uzito fulani wa trela, wengine wanakiruhusu tu, na wengine wanakikataza kabisa kwa sababu mwili wa gari au springi za hewa havikuundwa kuhimili nguvu ya kupindua inayotoka nyuma. Soma pia kibandiko kilicho kwenye soketi ya chuma chini ya bampa. Mara nyingi kina viwango viwili: kimoja cha kubeba trela moja kwa moja juu ya tufe, na kingine, kikubwa zaidi, cha kuvuta kwa kiungo cha kugawa uzito. Kama kipo kimoja tu, usijitungie cha pili.

Angalia na upande wa trela. Zipo breki za trela zinazofanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela linasukuma mbele, kikombe cha trela kinachokaa juu ya tufe kinaingia ndani kidogo na kubana breki. Nondo zinaweza kuzuia mwendo huo wa kikombe. Basi kwa trela la aina hiyo, funga tu kiungo ambacho mtengenezaji wake ameandika wazi kwamba kinafaa. Breki za umeme hazina tatizo hilo. Fremu ya shingo nayo iwe na nafasi ya kufunga braketi bila kugonga mtungi wa gesi, kreti ya betri au mguu wa jeki.

Nondo huuzwa kwa kiwango cha uzito wa shingo, yaani uzito wa trela unaokaa juu ya tufe, na hapa wengi huona kubwa ndiyo salama. Sikubaliani. Nondo iliyo ngumu kupita mzigo wake haipindi, kwa hiyo kila shimo la barabara linapelekwa moja kwa moja kwenye fremu ya trela na kwenye chesisi ya gari. Iliyo laini mno nayo inapinda hadi mwisho bila kurudisha kitu mbele. Chagua ambayo uzito wako halisi unaangukia ndani ya kiwango chake. Viungo vingi hutaka ujumlishe pia mizigo iliyo ndani ya gari nyuma ya ekseli ya nyuma, maana nayo inashusha kitako vile vile.

Kupima uzito wa shingo

Kwa trela la kawaida, uzito unaokaa juu ya tufe unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela likiwa limejaa. Langu ni asilimia 12. Chini ya 10 trela huanza kutikisa mkia, na hakuna nondo itakayokuokoa na mpangilio mbaya wa mizigo. Weka vizito chini, karibu na ekseli, vikiegemea mbele kidogo.

Kama huna mizani maalumu, mizani ya kupimia uzito wa mwili inatosha ukiipunguzia mzigo. Chukua boriti imara ya mbao. Upande mmoja uegemee tofali, upande wa pili uegemee mizani, na kila upande uweke kipande cha bomba chini ya boriti ili sehemu inayogusa iwe moja tu. Umbali kati ya mabomba hayo mawili uwe sentimita 90. Mguu wa jeki ya trela ushushe juu ya boriti, sentimita 30 kutoka upande wa tofali, ambazo ni sentimita 60 kutoka upande wa mizani. Soma mizani, ondoa uzito wa boriti ulioonekana kabla ya mzigo, zidisha kwa 3. Trela liwe limesimama usawa na magurudumu yake yamewekewa kabari pande zote mbili. Pima likiwa na maji, gesi na vyombo vya safari. Trela tupu litakupa namba ambayo haitakufaa barabarani.

Urefu wa tufe

Tafuta uwanja ulio sawa, wenye urefu wa kutosha gari na trela pamoja. Mteremko mdogo tu utaharibu vipimo vyote vinavyofuata. Jaza upepo kwenye matairi yote kwa kiwango chake, pakia gari kama unavyosafiri, na kama gari lina springi za hewa au mfumo wa kujinyanyua lenyewe, fuata maelekezo ya kitabu kuhusu kuuzima au kuuacha wakati wa kupima.

Sasa pima gari likiwa peke yake: kutoka ardhini, kupitia katikati ya gurudumu, hadi ukingo wa madigadi. Mbele na nyuma. Langu ni sentimita 92.0 mbele na 97.5 nyuma. Andika. Kipimo cha mbele ndicho utakachokirudia mara nyingi, hivyo weka alama ya utepe mahali unapoweka futi ili usipime sehemu tofauti kila mara.

Kisha lisawazishe trela kwa jeki mpaka fremu yake iwe sambamba na ardhi, na upime urefu wa kikombe chake. Tufe likae urefu huo au juu kidogo, kiasi cha sentimita 2 au 3, kwa sababu gari litashuka likibeba mzigo. Kitabu cha kiungo chako kitasema kiasi hasa. Kichwa kinapanda na kushuka kwenye matundu ya shina lake, yaani kile chuma kinachoingia kwenye soketi ya gari, na shina lenyewe mara nyingi linaweza kugeuzwa juu chini.

Ukubwa wa tufe lazima ulingane na ule ulioandikwa kwenye kikombe. Tufe la inchi 2 linaingia vizuri tu kwenye kikombe cha inchi 2 na 5/16, na litatoka vizuri vile vile kwenye tuta la kwanza. Nati ya tufe na boliti za kichwa zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Nguvu hizo ni kubwa kuliko mkono unavyokisia, kwa hiyo kama huna spana hiyo, azima.

Kufunga na kupima

Rudi nyuma gari na trela vikiwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Shusha kikombe juu ya tufe, funga kufuli yake na uweke pini. Halafu jaribu kuinua shingo kwa jeki: kitako cha gari kikipanda pamoja nayo, kikombe kimeshika. Kikombe kikipanda peke yake, hakikushika, na ni bora ulivyogundua hapo.

Ondoa jeki kabisa, nondo zikiwa bado hazijafungwa, upime tena. Kwangu mbele inasoma 94.0 na nyuma 91.5. Mbele imepanda sentimita 2.0, na hiyo ndiyo deni linalotakiwa kulipwa.

Kiasi gani cha kulipa? Kitabu cha gari ndicho chenye neno. Watengenezaji wengi siku hizi wanataka angalau nusu ya kile kilichopanda kirudi, na baadhi wanataka kirudi chote. Kwa langu, nusu ingekuwa 93.0. Mimi nimesimama kwenye 92.8. Mpaka usiovukwa ni kipimo cha gari likiwa peke yake: mbele isishuke chini ya hapo kamwe. Nondo zilizokazwa kupita kiasi hunyang'anya ekseli ya nyuma uzito wake, na gari lenye nyuma nyepesi, likisukumwa na trela kwenye kona iliyolowa, linaweza kugeuka na kukunjana na trela. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema anakaza mpaka gari lilale usawa. Gari lenye mzigo nyuma linaruhusiwa kushuka nyuma kidogo.

Ili kufunga nondo, tumia jeki ya trela. Kikombe kikiwa kimefungwa kwenye tufe, inua shingo na kitako cha gari kwa pamoja mpaka nondo zilegee. Chomeka nondo kwenye soketi zake, uzizungushe zije chini ya braketi, uhesabu pingili za cheni, uingize pingili uliyochagua kwenye ndoano, kisha upindue braketi juu kwa kipande cha bomba kinachokuja na kiungo. Ukiinua vya kutosha, bomba linahitaji nguvu ndogo. Ukilazimika kuning'inia juu yake, inua zaidi. Simama kando, uso na kifua visiwe kwenye njia ya bomba: nondo ikiponyoka, bomba linaruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Weka pini ya usalama kila braketi kabla ya kushusha jeki. Pingili za kulia na kushoto ziwe sawa.

Kwa viungo vya braketi ngumu, hakuna pingili. Nondo inakaa juu ya mkono wa braketi, na unapandisha au kushusha braketi yenyewe.

Shusha jeki, tembeza gari mita chache mbele ili springi zitulie, simama mahali pale pale palipo sawa, upime tena. Kama mbele bado iko juu, punguza pingili moja iliyo kati ya nondo na ndoano, pande zote mbili. Kama imeshuka mno, ongeza moja. Zingatia idadi ndogo kabisa ya pingili iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa kuwa cheni fupi sana haina nafasi ya kucheza ukikata kona kali na inaweza kukatika au kung'oa braketi.

Ukifika kwenye idadi hiyo na mbele haijarudi, usiendelee kwenye cheni. Rudi kwenye kichwa. Kichwa cha kiungo kinaweza kuinamishwa, kwa washa (vipete bapa vya chuma) zinazoongezwa kwenye pini yake ya ndani au kwa meno ya kurekebishia, kutegemea aina. Kadiri kinavyoinamia upande wa trela, ncha za nondo zinashuka, na ukizivuta kwa pingili ile ile zinabeba zaidi. Ongeza washa moja, kaza boliti zote upya kwa kipimo, anza tena. Kazi hii inachosha na inachukua nusu siku mara ya kwanza. Usiikatize. Nondo zikishabeba mzigo, zinapaswa kuwa takriban sambamba na fremu ya trela, na trela lenyewe liwe usawa au limeinama mbele kidogo. Trela lenye ekseli mbili likiinua pua, ekseli yake ya nyuma inabeba zaidi ya sehemu yake na matairi yake yanapata moto.

Mizani ya malori

Futi inakuambia springi zimefanya nini. Mizani inakuambia uzito uko wapi. Nikipata nafasi ya kupita kwenye mizani kubwa ya magari, hupima mara tatu: trela limefungwa na nondo zimekazwa, kisha nondo zimelegezwa, kisha gari peke yake. Kila mara nasoma ekseli ya mbele, ya nyuma, na za trela. Ndizo namba nilizokupa mwanzoni. Linganisha kila ekseli na kiwango chake, na uzito wote wa gari na trela na kiwango chao cha pamoja. Matairi ya nyuma ya gari nayo yana kiwango ubavuni mwake, na mara nyingi ndiyo yanayofika mwisho wa uwezo kabla ya kitu kingine.

Karatasi yenye vipimo hivi naiweka ndani ya gari: urefu wa mbele na nyuma, idadi ya pingili, idadi ya washa. Pingili yenyewe nimeipaka rangi ya njano, kwani mvua ikinyesha na giza limeingia sitaki mtu ahesabu kwa kupapasa.

Vitu vinavyosahaulika

Cheni za usalama zipite kwa kuvukana chini ya shingo, zisiburuzike wala zisikazwe hata zikazuia kona. Waya unaowasha breki za trela likichomoka ufungwe kwenye gari lenyewe, sehemu yake peke yake, si kwenye kichwa cha kiungo. Kiungo kikitoka na waya umefungwa humo, utatoka nao na breki hazitashika. Jaribu taa zote na breki za trela kwa mkono kabla ya kutoka uwanjani.

Tufe na soketi za nondo zinahitaji grisi nyembamba. Braketi za aina inayozuia trela kuyumba kwa msuguano hazitakiwi kuguswa na grisi, hata zikipiga kelele. Kelele hiyo ni msuguano unaofanya kazi.

Kizuia kuyumba ni kifaa kingine na kazi yake ni nyingine, ingawa viungo vingi vya sasa vina vyote viwili pamoja. Trela likianza kuyumba njiani, achia mafuta, shika usukani umenyooka, na kama una kidhibiti cha breki za trela, zibane kwa mkono taratibu. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu wala usijaribu kulifukuza trela kwa usukani. Ukishasimama salama, tafuta sababu: mizigo iliyohama kwenda nyuma, upepo wa tairi, mwendo mkubwa.

Mahali ambapo gari na trela vinakunjika kwa juu au kwa chini, kama mlango wa kivuko au njia inayoingia kwa mteremko mkali, nondo hubanwa au kulegea kuliko kiasi chake. Simama, zilegeze, vuka polepole, zifunge tena upande wa pili. Fimbo za msuguano zinazofungwa kando ya shingo nyingi hutakiwa kutolewa kabla ya kurudi nyuma, maana zinaweza kupinda. Kitabu kitakuambia kama yako ni ya aina hiyo.

Kufungua hufuata mpangilio wa kinyume, na wa kwanza ni kabari kwenye magurudumu ya trela, kabla ya kugusa chochote kingine. Gari na trela viwe vimenyooka. Inua shingo kwa jeki kikombe kikiwa bado kimefungwa kwenye tufe, mpaka nondo zilegee, ndipo ufungue braketi kwa bomba, ukisimama kando kama ulivyosimama wakati wa kufunga. Ondoa nondo. Shusha hadi jeki iache kuinua kitako cha gari, chomoa waya za umeme na cheni, fungua kikombe, inua, ondoa gari.

Baada ya kilomita 80 za kwanza simama ukague boliti za kichwa, nati ya tufe, boliti za braketi na nati za magurudumu ya trela. Chuma kipya hukaa sawa kikishatikiswa, na boliti iliyokuwa imekaza uwanjani inaweza kuwa imelegea. Na ukibadilisha matairi, ukaongeza betri au tangi la maji mbele ya trela, au ukahamishia mzigo wako kwenye gari jingine, vipimo vya zamani vimekwisha kazi. Toa futi, ondoa nondo, anza na madigadi la mbele.